Damu Iliyopona Peke Yake

Daktari bingwa wa viungo alikuwa na uti wa mgongo wa plastiki juu ya meza yake, na kila alipokosa neno aliukamata shingoni kama mtu anayetaka kuchinja kuku.

"Inspekta, nakwambia jambo moja," alisema. "Damu haisemi uongo. Watu ndio wanasema."

"Nani kasema uongo hapa?"

"Si huyo muuguzi mliyemfungia!"

Inspekta alifungua daftari lake. Kituoni walimwita Mama Kwanini, na jina hilo hakupewa bure. Kwa kuuliza maswali, mtoto mdogo angechoka kabla yake. Alivuta kiti akakaa. Saa nane mchana wa siku ile muuguzi angepelekwa mahakamani kusomewa shitaka la kuiba dawa na kumsababishia mgonjwa kifo. Mkuu wa kituo alikuwa ameshasaini. Muuguzi akishasomewa shitaka la namna hiyo, hata akija kushinda kesi, hakuna hospitali itakayompa tena hata bandeji afunge. Inspekta ndiye aliyemkamata, na tangu amkamate kulikuwa na kitu kinamkwaruza kama kokoto ndani ya kiatu.

"Nirudishe mwanzo," alisema. "Nieleze kama unavyomweleza bibi yako."

Daktari alishusha pumzi. Marehemu alikuwa fundi cherehani, akaeleza. Aliugua baridi yabisi ya uti wa mgongo, ile ya uvimbe, inayomshika mtu angali kijana, ikaanza kwa kiuno kuuma alfajiri na kuishia kuunganisha pingili moja na nyingine mpaka mgongo mzima ukawa gongo. Mtaani walimwita Fundi Mundu kwa jinsi alivyopinda. Hospitali ilimwingiza kwenye mpango wa majaribio wa sindano mpya ya kuzima uvimbe. Kila wiki mbili alichukua sindano kwa muuguzi, akaenda kujichoma nyumbani. Kila mwezi alitoa damu maabara, ili waone kama mwili unaitika dawa.

"Kwa nini damu? Si mumwulize tu mgongo unaumaje?"

"Maumivu ni maneno, Inspekta. Mmoja analia kwa kidogo, mwingine anavumilia mpaka anavunjika. Na mgongo ulioshaungana haufunguki tena, hata dawa ifanye kazi namna gani. Ukimpima leo na mwakani ni uleule. Damu ndiyo inayotuonyesha kama moto wa ndani unawaka au umezimika."

"Na asiyeitika?"

"Tunamtoa. Nafasi ni chache, wanaosubiri ni wengi."

Akageuza kompyuta yake inspekta aone. Mstari mwekundu ulianzia juu ukateremka taratibu, kama mtu anayeshuka ngazi ameshika ukuta, mpaka chini kabisa, ukalala hapo.

"Huyu ndiye alikuwa mgonjwa wangu bora," daktari alisema. "Mstari huu nimeuonyesha kwenye mkutano. Watu walipiga makofi."

Alhamisi mgonjwa huyo bora aliteleza kwenye kiti dukani kwake. Anguko dogo tu, ambalo mtu mwingine angecheka na kujipangusa. Lakini mgongo ulioungana huvunjika kama chaki, na wake ulivunjikia shingoni. Maiti ilipopasuliwa, viungo vilikutwa vimewaka uvimbe, na kwenye damu hapakuwa na hata tone la ile dawa.

"Dawa hii ikiingia mwilini inakaa wiki nyingi," daktari alisema. "Damu aliyotoa Jumatatu ilijaa dawa. Maiti ya Alhamisi haina. Maana yake nini? Muuguzi alikuwa akimpa maji, dawa anauza. Na kila mwezi anabadilisha mirija ya damu tusimgundue."

"Damu yenye dawa aliitoa wapi?"

"Kwa mgonjwa mwingine wa mpango."

"Mlipima kundi la damu hiyo?"

"Tulipima. Ni kundi lilelile la marehemu, na si kundi la watu wengi. Amechagua anayefanana naye. Mjanja sana."

"Katika wagonjwa wako wengine, nani ana kundi hilo?"

Daktari aliangalia kompyuta. Akabonyeza hapa, akabonyeza pale. Mkono wake ukaenda wenyewe kwenye uti wa plastiki, ukaukamata shingoni.

"Hakuna," alisema.

"Kwa nini?"

"Inspekta, mimi ni daktari. Kwa nini ni kazi yako."

*

Muuguzi alikuwa amekaa sakafuni mahabusu, sare yake nyeupe ameikunja vizuri magotini kama mtu anayesubiri zamu ianze. Hospitali walimwita Dada Friji, maana ufunguo wa friji la dawa alitembea nao shingoni na hakumwachia hata mganga mkuu. Alipomwona inspekta hakusimama.

"Umekuja kuniuliza kwa nini tena?"

"Leo nimekuja kuuliza vipi. Dawa inatokaje kwenye friji mpaka imfikie mgonjwa?"

"Natoa boksi. Lina lakiri ya kiwanda, halijafunguliwa. Mgonjwa anakagua kwa macho yake. Naliweka kwenye kikasha cha barafu, anaondoka nalo."

"Ukitaka kutia maji?"

"Nitavunja lakiri, na mgonjwa ataona. Mpelelezi gani wewe hujui lakiri?"

"Naijua. Nilitaka unitukane kidogo uchangamke."

Muuguzi aliuma mdomo ili asicheke. Haikuwa siku ya kucheka.

"Ulimwona akijichoma?"

"Siku ya kwanza nilimfundishia kwenye chungwa. Mkono mwepesi kuliko wangu. Si fundi cherehani yule! Nikamwambia sasa tumboni kwako. Akasema, 'Tumbo nitalichomea nyumbani, dada, hapa naona haya.' Sikumlazimisha."

"Na damu? Huwa unaingia maabara?"

"Mimi na yule Mbu wa maabara? Hatukanyagiani vizingiti tangu alipotaka kuweka samaki wake kwenye friji langu nikamkatalia. Uliza hospitali nzima."

Inspekta aligeuka kuondoka.

"Watoto wangu wameambiwaje?" muuguzi akauliza nyuma yake.

"Kwamba uko kazini."

"Kazini," muuguzi alirudia, na akaendelea kuikunja sare yake, ingawa ilikuwa imeshakunjika.

*

Mtaalamu wa maabara aliitwa Mbu kwa sababu iliyo wazi, na jina alilipenda. Alikuwa mnene, mcheshi, na chumba chake kilikuwa chembamba kuliko yeye: kiti kimoja chenye mbao ya kuegemeza mkono, mashine inayonguruma, na dirisha lisilofunguka.

"Damu naichukua mimi, naizungusha mimi, naipima mimi," alisema. "Hata mganga mkuu hagusi mirija yangu."

"Na muuguzi?"

"Aliyefukuza samaki wangu? Akikanyaga hapa nampulizia dawa ya mende."

Basi mirija haikubadilishwa. Inspekta aliegemea mlango. "Niambie unapima nini."

"Vitu vitatu. Cha kwanza ni protini inayotoka kwenye ini mwili ukiwa na uvimbe. Ini ni jirani mwenye wasiwasi: likisikia harufu ya moshi, linapigia kelele mtaa mzima. Ila linapiga kelele hata kwa mafua, kwa hiyo halitoshi. Cha pili ni protini zinazomwagwa na chembe nyeupe zenyewe, hizo zilizoko vitani. Cha tatu, dawa yenyewe imebaki kiasi gani. Vikikubaliana vyote vitatu, ndipo tunasema huyu anaitika."

"Kwa marehemu vilikubaliana?"

"Kama maharusi wiki ya kwanza."

"Daktari anasema wapo watu damu imetulia na mgongo bado unalia."

"Wapo, na si wachache. Lakini dawa haiwezi kuwepo Jumatatu ikapotea Alhamisi. Hiyo si damu kutulia. Hiyo ni damu kuhama nyumba."

"Ulimjua vizuri huyu mgonjwa?"

"Namjua mkono. Kwangu hawaji na majina, wanakuja na namba. Wakubwa wanasema ndiyo utaratibu wa utafiti, nisije nikampendelea mtu. Anaonyesha kadi, ananyoosha mkono, basi. Hata anaumwa wapi sijui, na siruhusiwi kuuliza."

"Mkono wake unaukumbuka?"

"Sana! Mishipa mizuri, kama mabomba mapya. Na mdomo wake je! Akiona sindano tu anageuza uso juu darini, hataki kuona damu. Halafu anaanza kunikejeli. 'Bwana Mbu, aliyekupakia dari hii kakuibia. Hakukwangua ukungu, kapaka rangi juu ya ugonjwa. Subiri mvua.' Na kweli, mvua ilipokuja, si hilo doa hapo!"

Inspekta aliinua macho. Doa lilikuwa karibu na kona, juu kabisa, la rangi ya chai. Ili kuliona vizuri ilibidi arudishe kichwa nyuma mpaka kisogo kikagusa kola ya shati.

"Alikuwa anageuza uso hivi?"

"Zaidi. Mpaka koo lote linaonekana."

"Bwana Mbu, unajua marehemu mtaani alikuwa anaitwa nani?"

"Sijui. Mimi najua namba."

"Fundi Mundu."

Mbu alicheka. Kisha kicheko kikapungua, kikaisha, na akaangalia kile kiti cha kutolea damu kama aliyekutana nacho kwa mara ya kwanza. Daktari aliuona mgongo, hakuuona mkono. Mbu aliuona mkono, hakuuona mgongo. Na muuguzi aliyeuona uso wa mtu hakuruhusiwa kuvuka kizingiti cha maabara kwa sababu ya samaki.

*

Nyumbani kwa marehemu viti vya msiba vilikuwa vingi, na karibu vyote vitupu. Mjane alikuwa amekaa kwenye kigoda, chini kabisa, katikati ya viti hivyo. Inspekta alimpa pole, akakaa, na kwa mazoea ya kazi akazungusha macho. Saa ya ukutani ilitundikwa usawa wa kiuno cha mtu. Kioo vilevile. Kalenda pia. Mtoto wa kutambaa angeweza kusoma tarehe.

"Mbona umekaa chini, mama? Viti si hivi?"

"Nimezoea. Mume wangu alikuwa haoni uso wa mtu aliyesimama. Miaka yote tumeongea hivi, mimi hapa chini, yeye pale, kama anayekemea mtoto. Wapita njia walidhani ananionea." Akatazama vile viti vitupu. "Sasa nikiinua uso, sioni mtu."

Inspekta aliteremka kwenye kiti, akakaa mkekani, wakawa sawa.

"Nisamehe kwa swali hili. Angeweza kutazama dari?"

"Dari? Shemeji alipotupakia dari hii, rangi ya maziwa, ilibidi nimwekee mume wangu kioo magotini ndiyo aione. Akaisifia kiooni."

"Shemeji yupi?"

"Mdogo wake. Mpaka rangi. Wanamwita Brashi."

"Yuko wapi?"

Uso wa mjane ulikakamaa. "Kazini. Tumetoka makaburini, kabadilisha shati, kaenda kazini. Kaka aliyemlea, aliyemlipia ada, hata udongo haujakauka! Ndugu wameapa hawamsemeshi."

"Zile sindano mume wako alijichomea wapi?"

"Dukani kwake. Mdogo wake ndiye aliyemsaidia. Mimi sikuwahi kuona." Mjane alivuta pindo la kanga. "Ila hazikumsaidia, Inspekta. Alfajiri nilikuwa namgeuza kitandani kama gunia, anauma shuka asiamshe jirani. Nikimwambia twende tukamwambie daktari dawa haifanyi kazi, anakasirika. 'Inafanya kazi, mke wangu. Wewe tu huoni inakofanyia.' Nilidhani anaweweseka kwa maumivu."

Inspekta aliinuka polepole. Kule nje kulikuwa na jua kali la adhuhuri. Saa ile ya kiunoni ilimwambia kwamba muda unakimbia.

*

Jengo alilomwelekeza mjane lilikuwa jipya, la ofisi, bado linanuka saruji. Mafundi wengine walikuwa wamekwenda kula. Ghorofa ya kwanza alibaki mtu mmoja, juu ya jukwaa la mbao, amerudisha kichwa nyuma, anapaka dari kwa mikono mirefu isiyo na haraka.

"Shuka tuongee," inspekta alisema.

"Ongea, nasikia."

"Nataka kukuona uso."

"Basi panda wewe, mama."

Alidhani amemkomesha. Lakini inspekta alishika ngazi, akapanda na viatu vyake vya kazi, akakaa kwenye ubao kando ya kopo la rangi, anahema. Brashi akamtazama kwa mshangao. Alikuwa mwembamba, wima kama mwanzi, na macho yake yalikuwa mekundu, wala si kwa sababu ya rangi.

"Dari ya maabara ya hospitali," inspekta alisema, "wewe unaionaje?"

Brashi ilisimama mkononi mwake. Tone likadondoka, likampata inspekta begani. Hakuna aliyelifuta.

"Umejuaje?"

"Kaka yako asingeweza kuliona lile doa hata kwa kulipwa. Kaa chini."

Akakaa. Miguu yao ikaning'inia kama ya watoto ukutani.

"Nani alianza? Wewe au yeye?"

"Yeye. Mimi nilikwenda kwa daktari huyohuyo. Nilikuwa siwezi kuvaa soksi, mama. Asubuhi nabiringika kutoka kitandani kama pipa. Akanipiga picha ya mgongo, akasema picha ni safi, umechoka na kazi, nenda kapumzike. Damu hawakupima; kwanza picha, akasema, picha ikiwa mbaya ndiyo damu. Nikarudi. Kaka yangu hakuweza kuniangalia uso, lakini alinisikia nikiinuka kwenye kiti. Akaacha kushona. Akasema, 'Hiyo sauti naijua. Hiyo ni sauti yangu ya ujana.'"

"Ndiyo akakupa dawa."

"Nilikataa. Tuligombana wiki nzima. Akaniambia, 'Mimi ni ukuta ulioshaanguka. Wewe bado ni ufa. Udongo tulionao ni kidogo, tuuzibe ufa.' Na kwamba akipimwa damu yeye, watamtoa kwenye mpango, tutakosa wote wawili. Akanipa kadi yake ya namba. Nikawa naenda kwa yule mnene natoa damu." Alijifuta uso kwa kiwiko. "Mwezi wa pili nikaanza kukimbia ngazi. Nilimwambia nikidhani atafurahi. Alifurahi. Alicheka mpaka akaumia."

"Unajua kuna mwanamke mahabusu?"

"Nimesikia."

"Saa nane anasomewa shitaka. Wewe ukikaa kimya, atahukumiwa kwa kuiba dawa iliyomo mwilini mwako."

Brashi alichukua brashi, akapaka mstari mmoja, akaurudia palepale.

"Nikisema, watanikatia."

"Huenda."

"Siku moja sindano ilichelewa. Nilishindwa kugeuza shingo siku tatu. Hii ndiyo kazi niijuayo, mama, na ni kazi ya kutazama juu. Kwa hiyo niambie. Kwa nini niseme?"

Maisha yake yote ya kazi inspekta alikuwa akiuliza swali lile, kuulizwa hakukuzoea. Huko chini mafundi walikuwa wakitaniana juu ya nani hajaosha sahani.

"Dawa haikuibiwa," alisema. "Alikupa. Ukinyamaza, mahakama itaandika kwamba kaka yako alikuwa mjinga aliyeibiwa mpaka akafa. Hakuibiwa yule. Alitoa."

Brashi akaiweka brashi juu ya ubao. Mdomo wake ulikuwa unacheza.

"Ni mimi nimemuua?"

"Hilo muulize daktari."

"Nakuuliza wewe."

"Sijui."

"Watu wanasema sina uchungu, nimekimbilia kazini. Kule nyumbani kila kitu kimetundikwa chini, kwa ajili yake. Kila ninapogeuka ni yeye. Hapa juu ndipo mahali pekee ambapo hakuwahi kufika." Akafunika kopo la rangi, akaligonga kwa ngumi mpaka mfuniko ukakaza. "Twende kabla sijabadilisha mawazo."

*

Mbu alitoa damu bila kufanya mzaha hata mmoja. Daktari bingwa alisimama mlangoni, mikono mfukoni. Kundi la damu lilijulikana hapohapo, lilelile. Ile protini ya ini ilifuata: chini kabisa, imelala. Kipimo cha dawa kingechukua muda zaidi, lakini hakuna aliyekingoja ili aamini.

"Umewahi kuja kwangu?" daktari alimuuliza Brashi.

"Nilikuja. Ulisema picha yangu ni safi."

Daktari aliutoa mkono mmoja mfukoni, akaushika mwimo wa mlango.

Inspekta alitoka nje kupiga simu. Mkuu wa kituo alisikiliza mpaka mwisho, maana alimjua: ukimkatiza anaanza upya.

"Sawa, namwachia muuguzi. Sasa chumbani mwake nimweke nani?"

"Kibaki wazi, mkuu."

"Inspekta, watu wamedanganya hospitali mwaka mzima. Kesi haiwezi kukosa mwizi."

"Aliyepanga yote tumeshamzika, mkuu. Aliyebaki ni mgonjwa. Kesho nitaandika maelezo yake, na wewe utaniambia sheria inamwitaje."

Aliporudi ndani, daktari alikuwa bado mlangoni.

"Atapata sindano yake?" inspekta aliuliza.

"Kwa utaratibu, mpango unamtambua marehemu. Huyu hayumo."

"Ule mstari mwekundu uliopigiwa makofi ni wa nani?"

"Ni... wa kwake."

"Basi yumo."

"Si rahisi hivyo. Lazima kamati ikae. Yaani utafiti wote umechafuka, namba moja ina watu wawili. Nitapeleka jina lake. Nitaeleza. Nitaeleza na lile kosa langu la picha."

"Kamati inakaa lini?"

"Mwezi ujao."

"Na mgongo? Utasubiri kamati?"

Safari hii daktari alijibu upesi, na kwa sauti ndogo. "Wake hautasubiri."

Korido ya hospitali ilikuwa na benchi moja refu. Brashi alikaa pale, pamba imebandikwa mkononi, anaangalia sakafu. Muuguzi alikuja kutoka mlango wa mbele na sare yake imekunjana mgongoni, nywele hazijachanwa, ameshika mfuko wa plastiki wenye vitu vyake. Kuna mtu alikuwa ameshamweleza. Alisimama mbele ya Brashi, karibu sana, na inspekta akasogea hatua moja, kwa tahadhari.

"Ni wewe?"

"Ni mimi, dada."

"Nimelala sakafuni kwa ajili yako."

"Najua."

"Hujui. Mwanangu mdogo kaambiwa na wenzake shuleni mama yake anauza dawa za wagonjwa. Hilo unalijua?"

"Hilo silijui."

"Basi lijue."

Alimwangalia utosini muda mrefu. Mtu aliyekuwa akipita na ndoo ya kupigia deki alisimama, akaona hapafai, akarudi alikotoka.

"Sindano alikuwa anakuchoma nani?" muuguzi akauliza, sauti imeshuka.

"Yeye. Hakuniachia hata siku moja. Alisema mimi nitajipigilia kama msumari. Ananisimamisha karibu na cherehani, ananiambia nihesabu vifungo vya shati la mteja. Kabla sijamaliza, kashachomoa."

"Maumivu?"

"Sikuyasikia hata mara moja."

Muuguzi alitikisa kichwa polepole, kama mwalimu aliyeletewa daftari la mwanafunzi ambaye hayupo tena.

"Kamati ikikubali," alisema, "usijichome mwenyewe. Njoo kwangu."

"Ikikubali."

"Ikikubali." Akaweka mfuko wake chini. "Pole kwa msiba."

Ilikuwa pole ya kwanza kupewa tangu kaka yake azikwe. Brashi aliinua uso kutaka kujibu kama watu wote wanavyojibu, kwamba ameshapoa. Badala yake akaufunika uso kwa viganja vyenye rangi nyeupe ya dari, mabega yakaanza kutikisika. Muuguzi hakumshika. Alikaa tu kando yake kwenye benchi, bega kwa bega, na zamu ya mchana ilipoitwa, hakuinuka.